Sukari badala ya kuvu: okidi inavyokuzwa chupani

Tunda la okidi likipasuka, kinachomwagika hakifanani na mbegu. Ni vumbi. Likung'ute juu ya karatasi nyeusi utaona unga wa rangi ya maziwa, mwepesi hata pumzi ya anayeinama kuutazama inatosha kuupeperusha. Tunda moja la baadhi ya spishi hubeba mbegu zaidi ya milioni moja. Charles Darwin aliwahi kukaa akahesabu mbegu za okidi mojawapo ya porini Uingereza, akapata kwamba mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 186,300. Kisha akaendelea kupiga hesabu: kama zote zingeota na kuzaa, vitukuu vya mmea huo vingekaribia kuifunika nchi kavu yote ya dunia kwa zulia la kijani.

Dunia haikufunikwa, kwa sababu mbegu hizo karibu zote hufa njaa.

Punje ya haragwe huondoka kwa mama yake na masurufu ya safari: zile nusu mbili nene ni chakula cha mche hadi utakapotoa majani. Mbegu ya okidi huondoka mikono mitupu. Ni kiinitete cha seli mia moja hivi, ndani ya ganda jembamba lenye vishimo kama wavu, basi. Haina ghala. Ikiangukia penye unyevu hunywa maji, huvimba, huenda hata ikageuka kijani kidogo, kisha husimama hapo hapo mpaka inyauke. Mmea umetumia mtaji wake wote kununua tiketi nyingi za bahati nasibu, na haukubakiza hata senti ya nauli.

Ndiyo maana wengi hukosea wanaposikia kuhusu okidi za maabara. Hudhani kuna jambo la kuchezea vinasaba, kwamba ua limebadilishwa likawa kitu kingine. Kazi ya msingi ya maabara ni ya kawaida zaidi kuliko hivyo: ni kulisha. Na chakula chenyewe ni sukari. Ukishaifuata sukari hiyo inakopita, utaelewa kwa nini mbegu huota, kwa nini chupa huoza, na kwa nini mche uliokuwa mzima jana hunyauka siku unapotolewa nje.

Nani humlisha mtoto porini?

Wakulima wa bustani wa karne ya 19 walijua jambo moja bila kulielewa. Mbegu za okidi zilikataa kuota kwenye udongo safi wa chungu kipya, lakini zikinyunyizwa kwenye shina la mmea mzima, mara moja moja zilichipua. David Moore wa bustani ya Glasnevin, Dublin, alitangaza mwaka 1849 kwamba amefanikiwa kuziotesha. Waliomfuata walifanikiwa wakati mwingine na kushindwa mara nyingi, wala hakuna aliyejua kwa nini.

Jibu lilitoka msituni. Mwaka 1899 kijana Mfaransa wa miaka 25, Noël Bernard, akiwa katika utumishi wa jeshi, alikuwa akitembea katika msitu wa Fontainebleau. Akakuta bua la okidi isiyo na ukijani, *Neottia nidus-avis*, limeanguka na kufunikwa na majani makavu pamoja na matunda yake. Mbegu zilikuwa zimeota humo humo. Alipozikata na kuzitazama kwa hadubini, akaona ndani ya miche hiyo nyuzi za kuvu.

Kinachotokea ni hiki. Uzi wa kuvu hupenya ndani ya kiinitete na kujisokota ndani ya seli kama fundo la uzi wa kushonea. Seli hulimeng'enya fundo hilo, hunyonya kilichomo, kisha kuvu huingia tena na kujisokota upya. Vitabu hupenda kuuita uhusiano huu ushirikiano. Kwa mmea mzima huenda neno hilo likafaa, lakini kwa mtoto asiye na jani hata moja sioni anamlipa kuvu kitu gani. Anamla tu.

Bernard alianza kuotesha okidi kwa kuziwekea kuvu ndani ya chupa, akafa mapema mwaka 1911 kabla ya kuona kazi yake ilipofika. Aliyepindua meza ni Mmarekani Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell. Knudson aliwaza hivi: kuvu hizo huvunja wanga na kutoa sukari. Vipi basi mbegu ikipewa sukari yenyewe, bila mtu wa kati? Mwaka 1922 akachapisha jibu lake. Mbegu zilizowekwa juu ya agari, aina ya jeli, yenye madini na sukari ziliota bila kuvu yoyote. Wapo waliogoma kukubali, wakisema mmea wa namna hiyo ni kilema na hautachanua. Mwaka 1930 akawaonyesha okidi iliyokua mpaka ikatoa maua bila kuvu.

Hapo biashara ya okidi ilianza upya. Kilichokuwa bahati kikawa mapishi.

Kilichomo ndani ya chupa

Ule utando wa kama jeli chini ya chupa ni agari, inayotokana na mwani wa baharini, gramu 6 hadi 8 kwa lita. Haimlishi mche, humshikilia tu usizame. Madini yake ni yale yale ya mbolea: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, chuma na mengine kwa chembe chembe. Mchanganyiko maarufu kuliko yote duniani ni wa Toshio Murashige na Folke Skoog wa mwaka 1962, ingawa wawili hao walikuwa wakishughulika na tumbaku. Kwa okidi, maabara nyingi huupunguza hadi nusu ya nguvu yake. Okidi nyingi huishi juu ya miti, zikinywa maji ya mvua yanayopita tu kwenye gome, na chumvi nyingi huunguza mizizi yake. Uchachu nao hupimwa, pH kati ya 5.2 na 5.8 hivi, ukizidi kushuka, agari haigandi vizuri.

Na sukari, gramu 20 hadi 30 kwa kila lita.

Kisha huja vitu ambavyo mtu hakuvitarajia katika chumba cha watu waliovaa makoti meupe. Maji ya dafu, asilimia 10 hadi 15 ya mchanganyiko. Ndizi iliyopondwa. Unga wa mkaa. Maji ya dafu yana homoni asilia za kuchochea seli zigawanyike, na ni kawaida mtu aliyehangaika wiki kadhaa na kemikali za bei kubwa akajikuta anashindwa na dafu. Tatizo lake ni kwamba dafu moja si sawa na jingine. Mtafiti anayetaka jaribio lake lirudiwe na mwingine hulikwepa. Mzalishaji anayetaka miche tu hulikumbatia. Mkaa nao hunyonya sumu nyeusi ambazo tishu iliyokatwa huzitoa kama tufaa linavyogeuka kahawia likimenywa. Ila mkaa hauchagui. Hunyonya sumu, na hunyonya pia homoni ulizozipima kwa uangalifu dakika kumi kabla.

Sasa fikiria ulichokitengeneza: chakula chenye maji, joto la kama nyuzi 25, madini na sukari. Umemwandalia mche karamu, lakini hewa imejaa wageni ambao hukuwaalika. Mbegu ya okidi inahitaji miezi kadhaa kufikia ukubwa wa kuonekana vizuri. Kiini kimoja cha ukungu kinahitaji siku tatu kuujaza mdomo wa chupa kwa manyoya ya kijivu. Kuvu iliyofukuzwa mlangoni na Knudson hurudi kupitia dirishani, safari hii si kulisha bali kula.

Ndiyo sababu usafi wa kazi hii humshangaza mgeni. Chupa zilizojazwa huingia kwenye otoklevu, chungu kikubwa cha mvuke chenye mgandamizo, na kukaa humo katika nyuzi joto 121 kwa dakika 15 hadi 20. Kuchemsha kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu zipo bakteria ambazo viini vyake hustahimili maji yanayochemka.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Fundi ameketi mbele ya kabati lililo wazi upande mmoja. Nyuma ya kabati hilo feni inavuma bila kukoma, ikisukuma hewa iliyochujwa kutoka ndani kuelekea kifuani kwake, ili vumbi lisipate njia ya kuingia. Amejipaka spiriti hadi kwenye viwiko. Mbele yake kuna tunda la okidi ambalo bado ni bichi. Hiyo ni hila ya wazoefu: tunda ambalo halijapasuka limefungwa kama kopo, ndani ni safi kabisa, kwa hiyo kinachohitaji kutakaswa ni ganda lake tu. Likishapasuka, itabidi vumbi lenyewe lioshwe kwa dawa ya klorini, na dawa hiyo hiyo inayoua ukungu ikizidi dakika chache huua na kiinitete.

Analichovya tunda kwenye spiriti, analipitisha kwenye moto, mwali wa buluu unaruka na kuzimika. Kisu nacho kinapita motoni, kisha anasubiri kipoe. Hapo ndipo wanafunzi hukosea, kwa haraka ya kuogopa uchafu, wakakaanga walichokuja kukiotesha. Analipasua tunda kwa urefu. Ndani mbegu zimebanana nyeupe kama pamba. Anachota kidogo kwa ncha ya kibano na kuzigusisha juu ya agari, bila kupitisha mkono juu ya chupa iliyo wazi hata mara moja. Anapitisha mdomo wa chupa motoni, anafunika, anaandika jina na tarehe. Chupa inayofuata.

Baada ya wiki kadhaa vumbi hilo huvimba na kuwa vidonge vya kijani, kila kimoja kama kichwa cha pini. Hicho huitwa protokomu: si mzizi, si shina, si jani, ila ni mmea. Kwenye ncha yake hutokeza jani la kwanza.

Mtoto na nakala

Hadi hapa nimezungumzia mbegu, na hapa ndipo maelezo mengi huchanganya mambo mawili. Kuotesha mbegu chupani kunatoa watoto. Kila mche una sura yake, kama ndugu wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja aliye mama yake. Mtu akipata okidi yenye ua la ajabu na akataka nyingine elfu kumi zinazofanana nayo, mbegu hazitamsaidia. Anahitaji nakala, na nakala hutoka kwenye tishu.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt alisema kwamba kila seli hai ya mmea inapaswa kuwa na uwezo wa kujenga mmea mzima. Akajaribu, seli zake zikaishi, zikanenepa, lakini zikakataa kugawanyika. Alikosa ufunguo ambao ulipatikana miaka zaidi ya hamsini baadaye, kwa njia ya kuchekesha kidogo. Katika maabara ya Skoog, Carlos Miller aligundua kwamba DNA ya mbegu za kiume za samaki, iliyokaa kwenye chupa muda mrefu, inafanya seli za tumbaku zigawanyike kwa kasi. Akaagiza DNA mpya, haikufanya lolote. Akaitia kwenye otoklevu, ikavunjika kwa joto, na ile nguvu ikarudi. Humo ndimo kinetini ilimotoka, mwaka 1955, ya kwanza kutambuliwa katika kundi la homoni ziitwazo saitokinini.

Miaka miwili baadaye Skoog na Miller walionyesha kwamba siri iko kwenye uwiano. Homoni ya oksini ikizidi, tishu hutoa mizizi. Saitokinini ikizidi, hutoa machipukizi. Zikikaribiana, unapata donge la seli lisilojua liwe nini. Maabara za leo bado zinaishi kwa kanuni hiyo, ingawa kila spishi ina ukaidi wake.

Kwa okidi, aliyefungua njia ni Georges Morel wa Ufaransa, na hakuwa akitafuta nakala. Alikuwa akitafuta dawa. Okidi za *Cymbidium* zilikuwa zimeshambuliwa na virusi, na mmea ukishaambukizwa virusi hauponi. Lakini ncha kabisa ya chipukizi, ile sehemu ndogo ambako seli mpya huzaliwa, mara nyingi virusi huwa havijaifikia, kwa kuwa mishipa ya maji na chakula bado haijafika huko. Chini ya hadubini unaondoa jani baada ya jani, kila moja dogo kuliko lililotangulia, mpaka inabaki nukta inayong'aa kama tone la maji, nusu milimita au chini ya hapo. Unaikata nukta hiyo na kuiweka chupani. Mwaka 1960 Morel alitangaza kwamba amepata *Cymbidium* zisizo na virusi kwa njia hiyo, na pia kwamba nukta hiyo haikuota kama chipukizi la kawaida. Ilitoa kidonge kinachofanana na protokomu. Ukikikata vipande, kila kipande hutoa vidonge vingine.

Hebu piga hesabu. Tuseme kila kidonge kinatoa vinne kila wiki sita. Katika wiki 48 umekata mara nane, na kutoka kidonge kimoja unacho 65,536. Ni hesabu ya karatasini, ukungu na mikono iliyochoka huila sehemu kubwa, lakini ndiyo inayoeleza jinsi ua lililokuwa la matajiri lilivyogeuka kuwa ua la dirishani kwa yeyote.

Hesabu hiyo pia ina mtego. Kadiri unavyokata na kukata tena, ndivyo seli zinavyopata nafasi ya kukosea. Mwaka 1981 Philip Larkin na William Scowcroft walilipa jambo hilo jina la kitaalamu. Kwa lugha ya kawaida, nakala huanza kupotoka. Ua linatoka na mdomo uliopinda, au petali zisizolingana, au halitoki kabisa. Ubaya ni kwamba kwenye chupa miche yote inafanana. Utaujua ukweli miaka miwili au mitatu baadaye, inapochanua, wakati umeshaiuza. Wazalishaji wa michikichi waliumia zaidi: miti iliyotoka kwenye tishu ilipofikia kuzaa, baadhi ilitoa matunda yenye kasoro yasiyofaa kwa mafuta. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba herufi za DNA hazikubadilika kabisa. Kilichopotea ni alama ndogo za kikemia juu yake, zinazoiambia seli sehemu ipi isomwe na ipi inyamazishwe.

Kuhusu virusi nako watu hujidanganya. Mche wa tishu si lazima uwe safi. Anayetaka wingi wa haraka hukata kipande kikubwa zaidi kuliko ile nukta ya Morel, na pamoja na kipande hicho hubeba kila kirusi kilichokuwemo. Mmea mama usipopimwa, maabara inakuwa kiwanda cha kunakili ugonjwa.

Siku ya kutoka

Mche uliokulia chupani ni mtoto wa ikulu. Hewa yake ilikuwa imejaa unyevu karibu asilimia mia, kwa hiyo nta ya kuzuia maji kwenye majani yake ni hafifu, na vitundu vya kupumulia havijajifunza kufunga. Chakula kililetwa mdomoni, kwa hiyo majani hayakuwa na haja kubwa ya kujitengenezea kwa mwanga. Mwingine huwa na majani yanayopitisha nuru kama kioo, yamejaa maji. Huyo uwezekano wake wa kuishi ni mdogo.

Ukiutoa asubuhi na kuuacha mezani, mchana umelala. Kwa hiyo hutolewa kwa hatua: kwanza kivuli na unyevu mwingi chini ya plastiki, kisha matundu machache, kisha hewa zaidi, wiki baada ya wiki, mpaka utoe jani jipya lililozaliwa nje. Majani ya chupani kwa kawaida hayabadiliki tabia. Mmea huokolewa na yale yanayofuata. Na kabla ya yote, mizizi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka agari yote itoke. Ukiacha kipande, sukari iliyomo humo itaita ukungu kwenye mzizi ndani ya siku chache. Kilichokuwa maziwa ya mama kimegeuka chambo.

Kwa mnunuzi wa ua la chunguni, hadithi inaweza kuishia hapo. Kwa anayetaka kurudisha okidi porini, ndipo inapoanza. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na miche iliyomo ndani ya chupa tasa kwa sehemu kubwa imeachiwa ipite mipaka kwa urahisi, kwa hoja kwamba hakuna aliyeing'oa msituni. Hoja nzuri, lakini nakala elfu za mmea mmoja si jamii ya mimea. Ugonjwa unaoua mmoja utaua wote. Ndiyo maana wahifadhi hurudi kwenye mbegu, pamoja na mchanganyiko wake wa sura na tabia.

Nchini Uingereza, okidi iitwayo *Cypripedium calceolus* ilichumwa na kung'olewa mpaka ikadhaniwa imetoweka. Mwaka 1930 mmea mmoja ukaonekana Yorkshire, ukalindwa kwa siri miaka mingi. Mwaka 1983 bustani ya Kew ilianza mradi wa kuotesha mbegu za okidi za namna hiyo katika maabara, na miche ikapelekwa kupandwa nje. Wa kwanza kuchanua kati ya hiyo iliyopandwa ulichanua mwaka 2000.

Na katika maabara za uhifadhi utakuta chupa za aina nyingine, ambazo Knudson angezitazama kwa mshangao. Ndani yake hakuna sukari. Kuna agari na unga kidogo wa oti, wanga mtupu ambao mbegu ya okidi haiwezi kuutumia. Mbegu husambazwa juu yake, na katikati huwekwa kipande kidogo cha kuvu kilichotolewa kwenye mizizi ya spishi hiyo hiyo porini. Kwa siku za mwanzo hakuna kinachoonekana. Kisha nyuzi nyeupe huanza kutambaa kutoka katikati, zikivunja wanga njiani, na mbegu zinazofikiwa huanza kuvimba. Zile za ukingoni, ambazo nyuzi bado hazijazigusa, hubaki vumbi.